Siku Nilipowapa Wakwe Sahani ya Watu

Aibu zangu nyingi nimezisahau, na zile zilizokataa kusahaulika nimezikana tu, nikiulizwa nasema si mimi, labda ni mtu wa jina langu. Lakini hii ya sahani siwezi kuikana, maana nusu ya Dodoma ilikuwa barabarani ikinitazama na nusu iliyobaki ilihadithiwa kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo heri niisimulie kwa mdomo wangu, kwa sababu ninyi wenzangu mkiisimulia mnatia chumvi mpaka inakuwa chungu (yuko mmoja hapa, simtaji, anayesema nilizimia, sikuzimia jamani, nilikaa chini kwa hiari yangu).

Wakati wenyewe ni wa Mjerumani, reli imeshafika, boma limekaa pale na bendera yake, na sisi watu wa mjini tumejibanza karibu na stesheni, kila mmoja anatafuta riziki kwa wale wanaoshuka kwenye gari la moshi wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nilikuwa nauza kashata na visheti. Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa fundi cherehani, mashine yake ameiweka kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, na mke wa huyo Mhindi ndiye Bibi Kulsumu, mwanamke mpole, mweupe wa nguo na wa roho, ambaye katika mkasa huu hana kosa hata moja isipokuwa kuniamini. Babu zetu walikuja na misafara kutoka Tabora wakabaki huku, na kwa ajili hiyo tu (si kwa ajili ya mali, mali tuliisikia kwa jirani) nilijiona muungwana wa kupindukia. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi nilimjibu huku nikitazama dari.

Sasa binti yangu Zuhura akapata mchumba. Kijana anaitwa Saidi, Mgogo wa upande wa Kikuyu, hapa hapa nje kidogo ya mji, amesilimu, anafanya kazi reli, heshima yake imenyooka kama reli yenyewe. Nilimtafuta kasoro sikuipata. Zuhura alikuwa ameshaniambia, kwa ile sauti yake ndogo ambayo haibishiwi, kwamba asipoolewa na huyu hataolewa, atakaa nyumbani anisaidie kukaanga visheti mpaka tuzeeke wote wawili, na namjua mwanangu, hatishi, anaarifu. Mimi nami nilikuwa nimeshampenda yule kijana, ila roho yangu ilikuwa inababaika kwa sababu ya mama yake, Mama Madeje. Huyu mama alikuwa na ng'ombe, na mizinga ya nyuki, na shamba la uwele lisiloonekana mwisho, na kila tulipokutana sokoni alinitazama kama mtu anayepima gunia kwa macho. Nikasema moyoni, huyu siku akija kuposa akaona vile visahani vyangu vya bati vilivyobanduka rangi, atajua kwamba uungwana wangu wote uko mdomoni.

Hapo ndipo nilipoikumbuka sahani.

Naiita sahani kwa kukosa jina, maana Bibi Kulsumu alikuwa analo jina lake la Kihindi ambalo ulimi wangu ulilikataa. Kilikuwa chombo cha fedha tupu cha kuandalia vitu vitamu, kimetoka kwao Kachi, huko Bara Hindi, cha bibi wa bibi yake, kimevuka bahari ndani ya gunia la mchele. Nilikiona mara ya kwanza siku moja niliyompelekea nguo zilizoshonwa na mume wangu, naye alikuwa anakifuta kwa kitambaa. Kina mguu mmoja, mnene chini, mwembamba katikati, umenakshiwa majani yanayopanda na kujisokota. Juu ya mguu kuna bakuli limefunguka kama ua, na chini ya ua yametoka matawi, kila tawi limening'iniza kikapu kidogo cha fedha cha kutosha kashata mbili, na ukiigusa meza tu, vile vikapu vinacheza na kulia, sauti nyembamba, kama maji yanayodondoka kwenye mtungi. Ukingoni wamezunguka tausi na tembo. Tembo wenyewe wadogo kama punje ya uwele, na kila tembo ana jicho. Nilipoliona lile jicho niliinama karibu zaidi. Mtu alikaa mahali, zamani hizo, akamtia jicho tembo wa ukubwa wa punje, akijua fika kwamba watu wengi hawatalitazama. Mimi ambaye hunyamaza tu nikilala, siku ile nilinyamaza, hata Bibi Kulsumu akaniuliza kama naumwa.

Basi nikaenda kumwomba aniazime siku ya posa. Alisita kidogo, akapitisha kidole kwenye ukingo, akasema, "Mama Zuhura, hii ni mboni ya jicho langu. Usiisugue kwa mchanga kama sufuria, na kesho yake asubuhi nataka niione hapa." Nikamwapia kwa kila kitu ninachokijua. Baba Zuhura alipoona naingia nayo nyumbani nimeifunika kanga mbili aliacha kula, akatikisa kichwa, akaendelea kula. (Huyo ndiye mume wangu, maneno yake yote yako kichwani, na hayatoki ila kichwa kikitikiswa.)

Alhamisi jioni wageni wakaja, wazee wa Saidi, mshenga wao, na Mama Madeje nyuma na kina mama wenzake. Nilikuwa nimeipanga ile sahani katikati ya chumba juu ya meza ya kukatia nguo, halua juu kwenye ua, kashata na visheti kwenye vikapu, na dirisha nimeliacha wazi upande wa magharibi kwa makusudi. Jua la jioni likaingia, likaigonga ile fedha, na ukuta wetu wa udongo, ule ule niliokuwa nauonea haya, ukajaa vipande vya nuru vinavyotetemeka, kwenye mkeka, kwenye nguo za wageni, kwenye ndevu za wazee. Watu wakasimama mlangoni hawaingii. Mimi niliyeipanga mwenyewe mwili ulinisisimka. Mshenga, ambaye sifa yake ilikuwa kusema bila kumeza mate, alianza maneno yake vizuri, akainama kidogo, akaona uso wake mwenyewe kwenye bakuli umekaa kichwa chini miguu juu, na maneno yote yakampotea, akabaki anasema "kwa hiyo, kwa hiyo," mpaka mzee mmoja akamalizia posa badala yake.

Posa ikakubaliwa. Zuhura nyuma ya pazia alisikika akivuta pumzi. Watu wakala, wakaramba vidole, na Mama Madeje akaizunguka ile sahani taratibu, akamtazama tembo mmoja kwa karibu sana, kisha akaniuliza ni ya wapi. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu na ukweli ulikuwa mwepesi. Nikajibu, "Aah, ni vitu vya nyumbani tu hivi."

Bado mambo yangeweza kupona. Lakini wageni walipoanza kuaga, mama mmoja akasema halua ni nzuri, bahati mbaya bibi zao waliobaki Kikuyu hawajaionja. Hapo mtu mwenye akili angechukua ungo, akaweka jani, akahamishia halua. Mimi nikaona nikihamisha, tena kutoka kwenye fedha kwenda kwenye ungo uliotoboka, nitakuwa nimesema kwa vitendo kwamba ile sahani inahesabiwa saa za kukaa kwangu. Wote wananitazama. Nikapunga mkono kama mke wa sultani, nikasema, "Chukueni hivyo hivyo ilivyo, sisi na ninyi sasa ni wamoja." Mama Madeje akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akavua kanga yake ya juu, akaifunga ile sahani, akaitia kichwani, wakaenda zao.

Kwa wasioijua desturi yetu niseme hapa. Chombo kikienda kwa wakwe na kitu kitamu hakirudi kitupu. Kinakaa huko mpaka wao wakipenda, wakijaze cha kwao, wakirudishe kwa shangwe, pengine siku ya mahari, pengine baada ya mavuno. Na mwenye chombo hakifuati. Ukikifuata chombo chako kwa wakwe maana yake ni moja tu, umeivunja posa, na haivunjwi mara mbili. Jambo hili Mswahili wa mjini analijua, na Mgogo analijua vile vile kwa kibuyu chake. Mimi nililijua tangu utoto, nimelifundisha wengine, na lilinirudia akilini pale pale wale watu walipokata kona. Nikamtazama mume wangu, akatikisa kichwa.

Asubuhi ya Ijumaa nikaenda kwa Bibi Kulsumu mikono mitupu. Nilisema bado naisafisha, halua imeingia kwenye nakshi, natumia kijiti cha mswaki nisije nikaikwaruza. Akafurahi (alifurahi, jamani, akanisifu kwa uangalifu wangu), akasema basi si neno, ila Jumapili ni sikukuu ya mfalme wao Wajerumani, na bwana mkubwa wa boma ameahidi kupita kunywa chai kwenye baraza ya duka, na mumewe amekwisha kutamba kwa kila mtu juu ya ile sahani, kwa hiyo Jumapili asubuhi lazima iwe mezani. Nilirudi nyumbani nikiwa sisikii hata baridi ya mvua. Nikiifuata sahani, Zuhura anakosa mume. Nisipoifuata, mtu aliyeniamini anaaibika mbele ya serikali. Zuhura mwenyewe hakunilaumu, alikaa tu karibu na jiko akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Jumamosi nikaenda Kikuyu. Njia nzima nilikuwa natunga uongo, nautunga naubomoa. Nilifika kwa Mama Madeje, kwenye tembe lao, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, nikamkuta anapepeta uwele, akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kwa heshima zote, akanikaribisha ndani. Ndani ya tembe ni giza unapotoka juani, na mwanzo sikuona kitu. Kisha nikaiona. Wameiweka juu ya kigoda, chini wametandika ngozi safi ya mbuzi, na kutoka kwenye kitundu kimoja cha ukutani mwanga mmoja mwembamba ulikuwa umeishukia, na ile fedha ikawa inang'aa humo gizani kama ina moto wake yenyewe. Babu yao mmoja, mzee sana, alikuwa amekaa mbele yake na fimbo yake, anaitazama. Nikaambiwa amekaa hapo tangu asubuhi. Nilikuwa nimeogopa nitakuta wameitia mahindi ya kuchoma. Nikaona haya, maana kwangu niliipanga ionwe na wageni, na hapa ilikuwa inatazamwa kwa jinsi ilivyo. Kwa muda nilisahau nimefuata nini.

Nilipokumbuka, nikaanza. Nikamwambia Mama Madeje kwamba kwetu, watu wa asili ya Tabora, kuna mila (hakuna, msiniulize), kwamba chombo cha fedha kikienda kwa wakwe kisipitishe Jumapili ya kwanza, kikipitisha, bibi harusi atazaa watoto wasiolala usiku. Yule mama alinisikiliza kwa makini mno. Akasema watoto wasiolala ni balaa kubwa, ni vizuri nimemwambia mapema. Nikapumua. Nikasema basi ili nisimsumbue nitaibeba mwenyewe sasa hivi, naificha chini ya kanga, hata mtu hatajua.

"Uibebe mwenyewe, chini ya kanga, kama mwizi?" akasema. "Hapana, mkwe. Mila ni mila. Hata kwetu chombo hakirudi kitupu. Kesho asubuhi tutairudisha sisi, kwa heshima yake."

Nikasema ndiyo, ningesema nini tena. Kurudi kwangu nikapiga hesabu zangu. Njia ya kutoka Kikuyu kuja kwangu inapita nyuma, kwenye mashamba, haigusi duka. Wataleta asubuhi, nitapokea, nitapiga vigelegele vya haraka haraka, wakishaondoka namwaga walichotia, nafuta, natokea mlango wa uani, nakimbia kwa Bibi Kulsumu kabla ya chai. Ilikuwa mipango mizuri sana. Nililala vizuri.

Jumapili mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na mbingu zimeoshwa. Nimesimama nyuma ya nyumba nimevaa vizuri, natazama mashambani, na hakuna mtu. Nasubiri, hakuna mtu. Halafu nikasikia vigelegele, na vilikuwa vinatoka upande usio wao, upande wa barabara kubwa. Nilisimama nikijidanganya kwamba ni sikukuu tu ya Wajerumani, kisha nikasikia njuga, na njuga zile ni za Wagogo, nikakimbia. Nilikimbia na kiatu kimoja, mama mzima, muungwana wa Tabora, matope mpaka kwenye goti, Zuhura nyuma yangu ananiita.

Nilipotokea mbele ya duka, kila kitu kilikuwa kimeshawekwa kama kwa ajili ya kunimaliza. Kwenye baraza kuna meza yenye kitambaa cheupe, katikati ya meza pako patupu. Bwana mkubwa wa boma alikuwa ameshafika na ameshakaa, na askari wake wamesimama chini ya ngazi. Bibi Kulsumu yuko mlangoni ameshika mikono yake. Mume wangu yuko kwenye cherehani yake, ameacha kushona. Na barabarani kutoka kule chini wanakuja watu wa Kikuyu, kina mama kwa kina baba, na mbele yao Mama Madeje, ile sahani kichwani, hakuishika kwa mkono, shingo imenyooka.

Jua lilikuwa limetoka tu mawinguni. Siwezi kuwaeleza vizuri. Ile fedha juu ya kichwa cha yule mama iliwaka mpaka macho yakauma, na vile vikapu vilicheza kwa mwendo wake, na ndani ya ua badala ya halua walikuwa wamejaza masega ya asali, na asali ilikuwa inashika mwanga na kuupitisha, dhahabu ndani ya fedha, na kwenye vikapu ufuta uliokaangwa. Watu waliokuwa wanauza walisimama. Yule Mjerumani aliinuka kwenye kiti chake polepole, kikombe mkononi, akasahau kunywa. Na mimi, ambaye kila hatua ya yule mama ilikuwa inanikaribishia aibu, nilisimama nikiangalia, nikasema moyoni, Mungu ni mkubwa, sijaona kitu kizuri kama hiki. Hivi ndivyo nilivyo, naweza kustaajabu hata nikiwa naangamia.

Askari mmoja akatoka pale chini ya ngazi, akamzuia Mama Madeje njiani. Akasema, "Simama. Mali hii ya nani?"

Vigelegele vikakatika. Mama Madeje akasimama. Akageuza shingo taratibu, sahani juu, vikapu vinalia, akanitazama mimi. Na watu wote wakageuka wakanitazama.

Nikisema yangu, mwenyewe yuko mlangoni. Nikinyamaza, mwanamke wa Kigogo aliyekutwa na fedha ya duka kichwani anapelekwa boma, na boma la siku zile halikuwa likiuliza maswali mengi, kiboko ndicho kilichokuwa kinauliza. Nikisema kweli, Kikuyu nzima inasikia, na posa inafia pale pale barabarani. Nilimtafuta Zuhura kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na mfereji, mkono mdomoni, na aliona ninachotaka kufanya, kwa sababu alifumba macho.

Nikasema, kwa sauti niliyokuwa nauzia kashata stesheni, maana nyingine ilikataa kutoka, "Si yangu. Ni ya Bibi Kulsumu. Niliiazima niwatambie wakwe, kisha nikaona haya kuwaambia, nikawapa waende nayo. Hawa hawana kosa. Mwachie huyo mama." Kisha nikakaa chini. Matope au si matope, nikakaa.

Kicheko kilianza kwa mbali, kikaja kikikua. Lakini hicho si kitu. Kitu kilikuwa ni pale bwana mkubwa alipotaka kujua kimesemwa nini, na mwenye duka akaanza kumweleza kidogo kwa Kiswahili cha boma na kidogo kwa mikono, ananionyesha mimi, anaonyesha sahani, anaonyesha Kikuyu, na yule Mjerumani anaitikia kwa kichwa, kwa utulivu, kama anayesikiliza kesi ya ng'ombe. Nimekaa pale chini nikiangalia aibu yangu inaingia lugha nyingine.

Mama Madeje hakungoja kesi iishe. Alimpita askari, akanipita na mimi, akapanda ngazi, akaishusha ile sahani kichwani, akapiga goti kidogo mbele ya Bibi Kulsumu, akampa kwa mikono miwili.

"Dada," akasema, "chombo chako. Hakikurudi kitupu."

Ndipo nikaelewa kwamba hakupotea njia. Alikuwa anakuja hapa tangu alipotoka kwake. Bibi Kulsumu aliipokea, akaangalia nakshi, akaangalia asali, machozi yakamlengalenga, na hakuipangusa wala hakuhamisha kitu, akaiweka vile vile katikati ya meza, pale palipokuwa patupu. Yule bwana mkubwa akakata kipande cha sega akatia mdomoni, na watu wakaanza kusema kwa sauti zao tena.

Mama Madeje akanirudia. Akanyoosha mkono. "Inuka, mkwe, unachafua kanga."

Nikamuuliza tangu lini amejua. Akaniambia tangu aingie mlangoni kwangu siku ya posa, kwani katika mji huu hata sufuria ya mtu wanaijua kwa mlio wake, sembuse kitu kama kile. Nikamuuliza kwa nini basi aliichukua. Akasema nilimwambia aichukue mbele ya wazee, angekataa angenivunja uso nyumbani kwangu, na hakuja kwangu kuvunja uso wa mtu. Nilikuwa bado sijathubutu kuuliza lile lililobaki. Zuhura alikuwa amesogea, amesimama nyuma ya bega langu, namsikia anavyopumua. Nikasema, "Na posa?"

Akamtazama Zuhura, si mimi. "Sisi tulikuja kuposa mtu," akasema. "Hatukuja kuposa sahani."

Nililia. Hilo msilisimulie vibaya, nililia kweli, na si kwa aibu, aibu nilikuwa nimeimaliza yote. Nililia kwa sababu nilimwona yule mwanamke, niliyemwita mshamba jikoni kwangu, akiwa amebeba mzigo wangu kichwani mji mzima ukitazama, akijua si wangu wala si wake, na shingo haikupinda. Baba Zuhura alishuka kwenye baraza, akanishika mkono, na akasema neno. Alisema, "Twende." Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Zuhura aliolewa baada ya mavuno. Watu walikula pilau kwenye nyungo, na tamutamu kwenye vile visahani vyangu vya bati vilivyobanduka, na hakuna aliyerudi nyumbani na njaa. Bibi Kulsumu aliendelea kunisalimu vizuri, ila tangu siku ile hakuniazima kitu tena, hata sindano, na sikumlaumu. Wakati mwingine nikipita dukani nikaiona ile sahani kwenye kabati, nasimama kidogo nimtafute yule tembo mwenye jicho, kisha naenda zangu.

Nami nimeapa, mbele yenu nyote hapa, kwamba sitaazima tena kitu cha watu ili nionekane nisivyo. Tatizo ni Mama Madeje. Mpaka leo, kila nikienda kwake kuwaona wajukuu (wanalala vizuri usiku, alhamdulillahi), nikiwa nimevaa kanga mpya, ananishika pindo, anaipapasa taratibu mbele ya wageni, ananiuliza, "Hii ya nani, mkwe?" Nami najibu kwa sauti kubwa kwamba ni yangu, na mara nyingi huwa ni kweli.